Shikamoo ya Mzee Kondo

Boko,
Dar es Salaam.
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Mpendwa shangazi Auleria,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote la kwangu, niambie kwanza presha inasemaje. Zile dawa unazimeza kila siku, au unazimeza siku ukisikia mimi nitapiga simu? Na migomba ya nyuma ya nyumba, ule mnyauko umeisha au imebidi mng'oe yote? Na usingizi unapata? Nauliza kidaktari, kwa hiyo usinijibu "namshukuru Mungu" ukanyamaza. Nataka jibu lenye urefu wake.

Huku sisi wazima. Dada Demetria, bintiyo, alipata mafua ya kipupwe akapoteza sauti, wanafunzi wake wakadhani wamepona. Sasa sauti imerudi na wamekoma. Watoto wake wanakua, yule mdogo ameanza kubishana na kila mtu, nasi tunasema amekurithi wewe. Senene zimefika salama. Zilikwisha siku ileile, sitakudanganya. Jirani yetu mmoja, mtu wa pwani, alikataa katakata akisema panzi si chakula, na ikaishia kuwa yeye ndiye aliyekwangua bakuli.

Ulisema hutaki habari za kazi yangu kwa simu, kwa kuwa mtandao wa Kamachumu unakata maneno katikati na mimi naongea kama mtu anayefukuzwa. Basi leo nimetoka misa, nimekaa barazani kwa Demetria, nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka. Mwandiko uuvumilie, ni wa kidaktari.

Tangu mwezi wa pili mimi ni bingwa. Ulicheka ukasema bingwa ni wa ngumi, lakini cheti ndivyo kinavyosema: daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Kazi nimeipata katika chuo cha afya huko Temeke, upande wa kuelekea Kurasini, ambako malori ya makontena yanapita kutwa na mwalimu inabidi anyamaze hadi lori limalize kusema lake. Asubuhi nafundisha wanaosomea uuguzi na utabibu. Mchana nina chumba kidogo cha kuwaona wanafunzi na wafanyakazi wenye shida. Kutoka Boko ni mbali mno, naondoka watoto wamelala, lakini kwa Demetria ni nyumbani na sijawa tayari kuhama.

Najua hukuipenda kazi hii. Ulitaka niwe daktari wa watoto. "Miaka yote hiyo ya shule, Avelina, halafu vichaa?" Sikukasirika. Hata hapa mtaani nikitaja kazi yangu mtu hucheka kwanza, kisha husogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini habari za ndugu yake.

Wiki za mwanzo niliogopa, nakwambia wewe tu. Wakati wa mafunzo, kila nikigeuka nilimkuta profesa nyuma yangu. Siku hizi nikigeuka nauona ukuta. Nikiandika kwamba mtu ni mgonjwa, ni mgonjwa. Nikiandika mzima, ni mzima. Sahihi yangu ikawa nzito kuliko mimi mwenyewe.

Sasa nikusimulie jambo ambalo limenikaa moyoni. Ni habari za mgonjwa, na habari za wagonjwa hazitoki chumbani, kwa hiyo nilimwomba ruhusa mwenyewe. Akasema, "Mwandikie shangazi yako, ila usinizidishie umri." Majina nimeyabadilisha hata hivyo, lake na ya wenzetu wote pale chuoni. Yeye tumwite Mzee Kondo.

Mzee Kondo ni Mzaramo, mwenyeji wa Temeke hiyohiyo, na amefundisha somo la mwili wa binadamu pale chuoni tangu mimi niko shule ya msingi. Mwaka jana alifiwa na mkewe, Mwanakombo. Baada ya arobaini alirudi kazini. Siku moja akaingia darasani akafundisha, kengele ikalia, akaendelea. Mwalimu wa kipindi kinachofuata akaja akasimama mlangoni, naye akaendelea. Wanafunzi wakatoka mmoja mmoja, akabaki anaviambia viti habari za figo. Jioni wanawe walikuja kumchukua, kumbe alikuwa hajapata usingizi kwa siku kadhaa. Alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi na barua ya hospitali inayosema anaweza kazi.

Chuo hakikumrudishia darasa. Kilimpa meza katika chumba cha vielelezo, kule kwenye sanamu za viungo na kile kiunzi cha mifupa cha plastiki kinachoning'inia kwenye chuma. Kazi yake ikawa kufuta vumbi. Vipindi vyake alipewa kijana mmoja, Praygod, mwalimu mzuri tu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake zamani.

Mkuu wa Chuo, Mama Elinaza, si mtu mbaya, usije ukamchukia. Mzazi mmoja alikuwa amekuja kufoka kwamba mwanawe amefundishwa na mwenda wazimu, na maneno yakafika bodi. Basi Mama Elinaza akaniita, akaniagiza nimpime Mzee Kondo na niandike maelezo. Akili ikiwa haijatulia, astaafishwe kwa ugonjwa. "Wewe sema tu alivyo, daktari," aliniambia kwa upole. Lakini niliona kwamba pale chuoni kila mtu ameshajua nitasema nini. Fikiria, shangazi, mtu amebakiza miaka michache aagwe kwa keki na hotuba, halafu aondoke na karatasi ya wazimu yenye sahihi yangu.

Nilimwita chumbani kwangu. Hapo inabidi nikueleze tulivyofunzwa. Profesa wetu mmoja alituambia kwamba ndani ya chumba cha daktari hakuna mjukuu. Ukimwanza mzee kwa shikamoo, atakuona mtoto na hatakueleza mambo yake ya ndani. Mimi nikayabeba maneno hayo kama amri. Kwa hiyo alipoingia nilimwambia, "Karibu mzee, kaa hapo," nikafungua faili. Nikaanza yale maswali yetu: leo ni siku gani, hapa tulipo panaitwaje, toa saba kwenye mia, toa saba tena, endelea.

Alinitazama. Akatazama dirisha. Akanyamaza.

Nikarudia kwa sauti ya juu, vile watu wanavyoongea na kiziwi. Nikaandika kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano na hajibu hata maswali mepesi. Nilisikitika kweli, lakini niliandika.

Kesho yake mchana nilikuwa napita kwenye korido nikasikia sauti ya mwanamume, nzito na yenye furaha. "Marahaba mwanangu! Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Yule wa jino, limeng'oka au bado analitikisa?" Nikadhani tuna mgeni. Nikachungulia. Alikuwa Mzee Kondo, na binti yake Mwanaheri aliyemletea chakula, amemshika baba yake mkono anaubusu. Wakakaa, wakaongea habari za bati linalovuja, za fundi aliyetoroka, za shemeji mmoja aliyenuna kwenye harusi. Mzee anauliza, anajibu, anakumbusha jina ambalo binti amelisahau. Huyo ndiye mtu niliyeandika kwamba hajibu maswali mepesi.

Nilirudi ofisini. Karani wetu, Naima, alikuwa anapanga mafaili.

"Naima, hivi nyie Mzee Kondo mnamsalimiaje?"

"Si namwambia tu, mambo vipi mzee wetu."

"Shikamoo je?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Daktari, mie zamani nilikuwaga nampa shikamoo kila asubuhi. Tangu aumwe, mh, naona noma. Shikamoo ukishaitoa lazima usimame usubiri jibu. Mambo unaitupa tu huku unapita."

Shangazi, maneno hayo sikuyapata kwenye kitabu chochote. Nikaanza kuangalia. Walimu wakimwona wanampungia dole gumba. Wanafunzi wanamwambia "Mzima leo, mzee?" kwa ile sauti ya chekechea, hao wamekwenda. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Walimwondolea tu kitu ambacho kila mwenye umri wake anakipata barabarani bila kuomba, kwa mtoto asiyemjua hata jina. Na mimi nilikuwa mmoja wao, ila kwangu nilikiita utaalamu. Niliona aibu, aibu ile ya utotoni ya kukamatwa na wewe jikoni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mwenyewe chumba cha vielelezo. Alikuwa anafuta mfupa wa paja wa kile kiunzi, taratibu, kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakugeuka. Akaendelea kufuta. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuongeza neno, kujieleza, kukohoa hata. Nikasimama tu. Akaumaliza mfupa, akakikunja kitambaa, akageuka.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umelala salama?"

"Salama, sijui wewe mwalimu."

"Salama, alhamdulillahi. Haya kaa." Akanisogezea kiti kisha akakaa naye. "Juzi uliniuliza ni siku gani. Ilikuwa Jumanne. Mia toa saba ni tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili. Niendelee?"

"Inatosha, mwalimu. Mbona siku ile hukunijibu?"

"Ulinisalimia?" Hakuwa na hasira, alikuwa ananifundisha. "Umeniingiza ndani, umenikalisha, umefungua faili. Mie mtoto wa Temeke, huku kwetu hata anayekuja kukudai anakupa salamu kwanza, halafu ndo mnagombana."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Tukaongea asubuhi ile na siku zilizofuata. Nikampima upya, safari hii kwa haki. Kisha nikaandika maelezo mengine: anaendelea na dawa, akili yake imetulia, anaweza kufundisha, na kumweka kwenye vumbi kunamwumiza.

Mama Elinaza aliyasoma mara mbili. "Daktari, nakuheshimu. Lakini siku akianza tena mbele ya watoto wa watu, jina litakuwa lako. Na wewe bado uko kwenye matazamio, hujathibitishwa kazini." Nilimjibu kwamba najua. Mwishowe tukakubaliana Mzee Kondo afundishe kipindi kimoja cha majaribio, mimi na Praygod tukae nyuma, kisha bodi iamue.

Siku yenyewe darasa lilijaa, hata wasiosoma somo hilo walikuja. Praygod, kwa nia njema kabisa, akasimama akasema, "Jamani, tumpigie makofi mzee wetu!" Wakapiga. Mzee Kondo alisimama mlangoni na koti lake mkononi, akangoja yaishe.

"Makofi tuwaachie wenye harusi," akasema. "Mie nasubiri salamu."

Viti vikaburutwa, darasa zima likasimama. Waliitoa kwa pamoja, wengine kwa sauti za kukwama. Akaitikia, akawauliza hali, akawaambia wakae, na papo hapo akamnyooshea kidole kijana mmoja wa nyuma aeleze moyo una vyumba vingapi.

Natamani ungekuwepo. Wewe uliyefundisha maisha yako yote ungemjua palepale. Alifundisha moyo na safari ya damu hata mimi nikasahau kilichonileta. Halafu nikamwona Praygod anatazama saa. Wanafunzi wa mbele wakaanza kutazamana. Ndipo nikakumbuka kwamba mtihani wa siku ile haukuwa somo. Ulikuwa kengele. Kila mtu mle ndani aliijua ile habari ya viti na figo, na kila mtu alikuwa anasubiri kuona kengele ikilia itakuwaje. Nilisali, shangazi, nikiwa na koti jeupe na ubingwa wangu wote.

Ikalia akiwa katikati ya sentensi. "Na damu ikishatoka hapa inakwenda..." Akanyamaza. Mkono wenye kalamu ukabaki ubaoni. Dirishani nikamwona Mama Elinaza amesimama, sijui alifika saa ngapi. Mzee Kondo akaitazama ile nusu ya mchoro wake kwa muda, na sote tukamtazama yeye. Kisha akatafuta kifuniko cha kalamu mfukoni, akaifunika.

"Inakokwenda mtaambiwa Alhamisi," akasema, akachukua koti lake akatoka.

Mimi nilikwenda kujifungia chooni nikalia kama mtoto. Bodi ilimrudishia vipindi vyake, vingine anagawana na Praygod, na habari ya kustaafishwa haitajwi tena. Hata Naima siku hizi husimama.

Ungedhani habari imeishia hapo, na mimi nilidhani hivyo. Lakini wiki hii, siku chache kabla ya Idi, nilifungua mlango wa chumba changu cha mchana nikamkuta Mzee Kondo amekaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi. Wakataka kumpisha, akakataa, akangoja zamu yake. Alipoingia nilisimama nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana hali mpaka ikatosha. Kisha akakaa kwenye kiti kilekile cha siku ya kwanza, akaweka mikono magotini.

"Daktari," akasema, "leo nimekuja kuumwa."

Akanieleza kwamba kila alfajiri, kabla ya adhana, anamsikia marehemu Mwanakombo anaburuta ndoo uani, anakwenda kutia udhu. Anaisikia ndoo kabisa. Anaamka, anafungua mlango wa uani, hakuna mtu. Imekuwa hivyo tangu siku za msiba. Hospitali hakusema, wanawe hakuwaambia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema, siku zote zile tulizoongea.

"Siku zile ningekwambia, ungekuwa umenimaliza. Mtu ukishakuwa kichaa, hata ukipiga chafya ni kichaa. Sasa hivi mie ni mwalimu." Akatabasamu kidogo. "Mwalimu anaruhusiwa kuumwa."

Nilimweleza kwamba waliofiwa na wenzi wao husikia hivyo wengi kuliko wanavyokiri, na kwamba tutaiangalia pamoja, yeye na mimi, bila haraka. Lakini sehemu kubwa ya mchana ule sikusema kitu. Alinisimulia Mwanakombo: alivyokuwa mkali, alivyokuwa akiimba vibaya, alivyomkataa mara ya kwanza alipopeleka posa. Alipoondoka nilijiuliza kama nilikosea kuandika kwamba anaweza kufundisha. Nadhani sikukosea. Nadhani asingerudishiwa darasa lake, ile ndoo angeisikia peke yake hadi mwisho.

Hiyo ndiyo kazi yangu, shangazi. Ndiyo hao vichaa.

Sasa salamu. Msalimie mama mdogo Domitila, mwambie kitenge alichoagiza nimekiona ila rangi ni kali kuliko alivyosema. Msalimie Rwegasira na mkewe, na kichanga chao ambacho sijakiona. Demetria anasema ataandika mwenyewe, nami nasema hataandika, kwa hiyo zipokee za kwake hapahapa.

Imebaki salamu moja ambayo haijawahi kuandikwa katika barua za ukoo wetu, zangu zikiwemo. Ni ya kaka yako, baba mkubwa Erasmus, aliye hapo kwako chumba cha nyuma tangu akili ilipougua, mimi nikiwa mdogo. Wewe ndiye unayempikia, unayemfulia, unayemkata kucha, na hakuna kati yetu anayeweza kukufundisha kumpenda. Lakini tangu siku ile ya Naima najaribu kukumbuka ni nani humwamkia, na simpati. Tunamwambia "Kula." Tunamwambia "Toka juani." Tunamwuliza "Umelala?" huku tumeshageuka. Mwezi wa kumi na mbili nakuja, na kama utaniruhusu nitakaa naye nimtazame kidaktari. Kwa sasa naomba hili moja tu.

Roho Mtakatifu, ambaye leo ni siku yake, ashuke nyumbani kwako akute mlango wazi. Nami, mwanao nikupendaye, nakukumbatia kutoka mbali. Ukishaikunja karatasi hii, shangazi, mchukulie baba mkubwa uji wake. Weka kikombe chini, piga goti kama ulivyotufundisha sisi, umwambie, kwa lugha yetu ukipenda, "Shikamoo kaka. Na nyingine inatoka kwa Avelina." Halafu usiondoke. Subiri.

Wako,
Avelina